Pachirisu na Maana ya Kikosi
Katika mchezo wa video wa Pokémon, wengi hudhani kwamba kikosi bora ni mkusanyo wa viumbe wenye nguvu kupita wote. Dhana hiyo ilikanushwa mwaka 2014 mjini Washington, Park Se-jun wa Korea Kusini alipotwaa ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu, mnyama mdogo aliyedharauliwa. Mapambano yalikuwa ya wawili kwa wawili: Pachirisu alijivutia mapigo ya adui, umeme usimdhuru, huku mwenzake Gyarados, aumizwaye mno na umeme, akishambulia. Lakini anayemwiga Park kwa kumchukua Pachirisu peke yake hajaelewa. Thamani ya kiumbe haimo mwilini mwake, bali katika kazi yake kati ya wenzake. Kikosi, kama utungo, husomwa kizima.