Mtafsiri Anaponyamaza

Mtafsiri wa sinema nampima kwa mahali anaponyamaza. Niliyemsikiliza kwenye banda la video la Ngokolo, Shinyanga, siku ile alikuwa anatafsiri Sholay, filamu ya Ramesh Sippy ya mwaka 1975, inayopita saa tatu, na kwa sehemu kubwa ya saa hizo alisema mfululizo. Jai na Veeru, wale wezi wawili waliokodiwa kumkamata jambazi Gabbar Singh akiwa hai, aliwaita masteringi. Gabbar akawa adui tangu kabla hajaonekana. Kila hatari ilipokaribia aliitangaza: "Jamani, hao wanakuja, na hawa hawana habari!"

Kuna wanaoona sauti hiyo inaharibu filamu. Mimi naona msimulizi wa pili ameongezwa, tena anayejua zaidi ya wahusika wote. Gérard Genette, Mfaransa aliyechambua usimulizi mwaka 1972, alitutaka tuulize maswali mawili mbalimbali: nani anaona, na nani anasema. Kwenye banda la video maswali hayo yanasikika kwa masikio. Kamera inaona pamoja na Veeru. Kipaza sauti kinasema kutoka mahali ambapo mwisho umeshajulikana. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alieleza faida ya kujua mapema kwa mfano wa bomu chini ya meza: lisipojulikana, watazamaji wanashtuka kwa sekunde chache, wakiambiwa mapema, wanateseka dakika kumi na tano nzima. Mtafsiri wetu alilitangaza bomu kila mara.

Isipokuwa mara moja. Siku ya sikukuu ya Holi majambazi wanavamia kijiji cha Ramgarh. Masteringi wamezidiwa, bunduki iko karibu na miguu ya Thakur, mzee aliyewakodi, lakini haiokoti. Amesimama tu, shali mabegani. Banda zima lilimzomea. Mtafsiri alijua sababu, na alikuwa na kipaza sauti mkononi. Hakusema neno. Aliwaacha watu wamchukie Thakur kama Jai na Veeru walivyomchukia, mpaka mzee mwenyewe aliposimulia, na shali ikaanguka: hana mikono, Gabbar aliikata.

Uzuri wa ukimya ule ni kwamba tulishaiona mikono hiyo. Mwanzoni filamu inarudi nyuma, Thakur bado inspekta wa polisi, anapigana na majambazi kwenye treni. Hapo mtafsiri alikuwa amesimulia kila risasi aliyopiga. Sasa nadhani alikuwa anatuwekea akiba.

Usukumani ufundi huu una wazee wake. Katika hadithi ya Masala Kulangwa, zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote, amebaki mama mmoja mjamzito. Mtoto anakua, anaua panzi, anauliza kama ndiye Shing'weng'we, mama anakataa. Anarudi na ndege, kisha na paa, na jibu ni lilelile. Vladimir Propp, aliyechambua ngano za Kirusi mwaka 1928 na kuhesabu matendo 31 ya msingi, aliona pia desturi hii ya kurudia mara tatu. Msikilizaji anajua panzi si zimwi. Anamsubiri kijana ajue. Aliyekulia kwenye subira hiyo haoni ajabu kuzuiliwa habari, au kupewa mapema.

Ndiyo maana kazi za watafsiri wa sinema kama Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro nchini Kenya na VJ Jingo nchini Uganda zinastahili kufundishwa darasani pamoja na Genette.

Mwishoni mwa Sholay Thakur anamponda Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Sippy alipiga mwisho ambao jambazi anauawa. Wakaguzi wa India wakaukataa, na toleo la 1975 linaleta polisi wamzuie Thakur. Banda likanung'unika. Mtafsiri akafungua mahakama isiyokuwemo: akaita mashahidi wa Ramgarh mmoja mmoja, kila mmoja na sauti yake, akampa hakimu kikohozi, akasoma hukumu ya kunyongwa. Muda huo picha ilikuwa imeshampeleka Veeru stesheni, mpweke, Jai amekufa. Basanti, mpenzi wa Veeru, alipoonekana ndani ya behewa, mahakama ilikuwa imefungwa, na mtafsiri akamkaribisha kwa jina.