Sifa za Ufundi wa Kupanga

Turkana Kusini, nchini Kenya, mwenye mifugo hahamishi boma kwa kusikia tu kwamba mvua imenyesha mahali. Hutuma kwanza vijana wakaangalie. Huenda kwa miguu, pengine mwendo wa siku kadhaa, wakitazama nyasi zimefikia wapi, maji yako kina gani, kupe wapo au hawapo, na nyayo zilizopita ni za nani, kwa sababu malisho mazuri karibu na mpaka wa majirani zao Wapokot yanaweza kumponza mtu akapoteza mifugo na roho. Wakirudi, habari zao huchambuliwa chini ya mti wa wanaume. Uliona mwenyewe au uliambiwa? Nyasi hizo zitawatosha ng'ombe, au ni za mbuzi tu? Hapo ndipo mifugo hugawanywa. Wanaokamwa hubaki boma kuu, awi, pamoja na akina mama, watoto na wazee. Wasiokamwa huswagwa mbali na vijana hadi kambi ya malisho, abor. Ngamia hushika njia yao, maana wao hula majani ya miti, na ng'ombe hufuata nyasi.

Huu ni ufundi kamili, na ndio ambao ofisi zetu huuita mkakati. Una habari iliyothibitishwa na aliyeiona, una uamuzi wa nini kiachwe ili kingine kipone, kila kundi lina mwenye dhamana, na kuna ruhusa ya kugeuza njia kesho. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. J. Terrence McCabe, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliwafuatilia kwa miaka mingi wafugaji wa Ngisonyoka, Waturkana wa upande huu wa kusini. Kitabu alichotoa mwaka 2004 kinaonyesha watu wa nchi moja na ukame mmoja wakiamua kila mtu kivyake, kulingana na mifugo aliyo nayo, mikono iliyopo nyumbani kwake na hofu yake ya kuvamiwa. Hakuna aliyebeba mpango wa jirani.

Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, mambo yalikwenda kinyume. Norway ilijenga huko kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwenye karatasi hesabu ilikaa sawa: ziwa lina samaki, wafugaji waliofilisiwa na ukame wanahitaji riziki, soko liko mbali, basi samaki wagandishwe. Lakini kugandisha samaki katika joto lile kulitaka umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama ikaipiku thamani ya samaki. Mitambo ya baridi ikazimwa muda mfupi baada ya kuwashwa. Ghuba ya Ferguson, ambako samaki walikuwa wakivuliwa kwa wingi, nayo ikakauka kabla muongo ule haujaisha. Waliopanga walikuwa na nia njema, na barabara ya Kitale hadi Lodwar waliyoigharamia iliwafaa watu. Walichokosa ni mtu wa kwenda kuangalia na kurudi kusema, akasikilizwa, kabla saruji haijamwagwa.

Katilu inafundisha zaidi, kwa kuwa Katilu haikufa. Skimu ya kunyunyizia mashamba maji ya mto Turkwel ilianzishwa hapo zaidi ya nusu karne iliyopita kwa msaada wa FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ili waliopoteza mifugo wapate pa kulima. Ofisini ilidhaniwa kwamba mfugaji fukara atageuka mkulima, na mambo yaishe. Watu wakalima kweli, na waliovuna vizuri wakanunua mbuzi, wakawapeleka kwa ndugu zao malishoni. Wapo waliolihesabu hilo kuwa kushindwa kwa mradi. Mimi naliona kuwa ndipo ulipofaulu. Familia ziliupokea mpango wa serikali zikauingiza ndani ya mpango wao wenyewe: shamba lilishe nyumba mwaka huu, mbuzi wasubiri mwaka mbaya.

Anayetaka kuuona utekelezaji kwa macho asimame kwenye mfereji siku ya zamu ya maji. Mkulima huvunja tuta kwa jembe, maji yakaingia mstari baada ya mstari wa mahindi, kisha huliziba na kumwachia mwenzake. Wa mwanzo wa mfereji hupata kwanza, wa mwisho hupata kilichobaki. Mmoja akifungua usiku kwa siri, mtama wa mwisho wa mfereji hunyauka. Mto huleta mchanga, na mfereji usipozolewa hujaa. Mathenge, mti ulioletwa Turkana kuzuia jangwa, humea kingoni kwa fujo. Kwa hiyo kila msimu lazima ijulikane nani anachimba, zamu ya nani ni lini, na mkaidi atafanywa nini. Mpango mkakati ulioishia kwenye jalada bila kuyajibu maswali hayo haujaanza.

Tena mto huo una wapangaji wengine. Juu yake limesimama bwawa la Turkwel, ukuta wa mita 153 uliokamilika mwaka 1991 kwa ajili ya umeme wa megawati 106. Bwawa hushika mafuriko, na mafuriko hayo ndiyo yaliyokuwa yakilowesha kingo ambako wanawake wa Kiturkana walipanda mtama. Mwenye mitambo ana hesabu yake na mwenye jembe ana yake, na wote wawili hunywa mto mmoja.

Henry Mintzberg, msomi wa Kanada, alitumia miaka mingi kueleza kwamba mikakati mingi huzaliwa kazini, mikononi mwa watendaji, na mwaka 1994 akatoa kitabu kizima cha kukosoa imani kwamba inaweza kutungwa mezani tu. Wazee wa Ngisonyoka hawakuhitaji kuambiwa.

Kuna taasisi iliyousogelea ufundi wao. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoundwa mwaka 2011, hukusanya habari kila mwezi kutoka vijijini na sokoni: bei ya mbuzi na ya mahindi, umbali wa kufuata maji, unene wa mkono wa mtoto. Hiyo ni kazi ya wale vijana wa kuangalia, na inastahili heshima. Lakini katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua iliposhindwa mfululizo, habari zilifika mapema kuliko fedha. Kuangalia bila uwezo wa kuhama ni nusu ya ufundi.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 hairuhusu fedha za umma kutengwa nje ya mpango wa kaunti, na mpango wa Turkana wa sasa unakoma mwaka 2027. Ninyi mtakaoketi Lodwar, makao makuu ya kaunti, kuandika unaofuata, nendeni Katilu siku ya zamu, mzungumze na mwenye shamba la mwisho kwenye mfereji. Mrudi kwake mwaka mmoja baada ya mpango kuanza, mkiwa na mamlaka ya kuubadilisha.