Kunong'ona mbele ya ukumbi mzima: mbinu ya Colm Wilkinson

Ukitaka kuelewa Colm Wilkinson alifanya nini na wimbo wa “Bring Him Home”, anza kwa kumsikiliza anapopaza. Katika sehemu ya kwanza ya mchezo wa muziki wa Les Misérables, Jean Valjean, mfungwa wa zamani ambaye Wilkinson alimwigiza, anajitokeza mahakamani kumwokoa mtu aliyekamatwa kimakosa badala yake. Anaitaja namba yake ya ufungwa, 24601, na kumalizia kwenye B ya juu, noti iliyo karibu na dari ya mwanamume anayeimba sauti ya tatu. Wilkinson anaipiga kwa sauti ya kifua, yenye mkwaruzo, bila kuipamba. Ni sauti ya mwanamuziki wa roki.

Na roki ndiko alikotoka. Alizaliwa Dublin mwaka 1944, akaimba katika bendi zilizozunguka hadi Marekani na Kanada kabla ya kupewa nafasi ya Yuda katika Jesus Christ Superstar, Dublin kisha London. Mwaka 1976 alirekodi sehemu ya Che katika albamu ya kwanza ya Evita. Mwaka 1978 aliiwakilisha Ireland katika Eurovision, jijini Paris, kwa wimbo aliouandika mwenyewe, akashika nafasi ya tano. Huyu hakulelewa na opera. Koo lake lilizoea kushindana na ngoma na magitaa ya umeme, na watu wa namna hiyo kwa kawaida hawaajiriwi kuomba dua kwa upole.

Onyesho la kwanza la Les Misérables, lililofanyika Paris mwaka 1980, halikuwa na wimbo huu. Wakati toleo la Kiingereza linaandaliwa kwa ajili ya ukumbi wa Barbican, London, ilionekana kwamba Valjean hana wimbo wake mwenyewe katika sehemu ya pili. Mtunzi, Claude-Michel Schönberg, alitunga muziki akiilenga sauti ya Wilkinson. Maneno ndiyo yaliyosumbua. Herbert Kretzmer, mwandishi wa habari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyepewa kazi ya kuyaandika, alikuta muziki unakwenda kwa vipande vya noti tatu tatu, nafasi finyu mno kwa hoja yoyote ndefu. John Caird, aliyeliongoza onyesho pamoja na Trevor Nunn, ndiye aliyesema kwamba muziki ule unasikika kama sala. Baada ya hapo njia ilifunguka, kwa kuwa anayeomba huhitaji maneno machache, tena huyarudia.

Sasa tazama mtego aliotegewa mwimbaji. Kati ya noti ya kwanza na ya pili kuna oktavu nzima. Mwanakwaya yeyote anayesoma solfa anajua kishawishi cha mruko kama huo: unavuta pumzi, unajisukuma, na noti ya juu inatoka kwa kishindo. Lakini mandhari inakataza. Ni usiku kwenye kizuizi cha barabarani, wanafunzi waasi wamelala, na Valjean anamwombea Marius, kijana anayependwa na Cosette, binti aliyelelewa na Valjean. Marius amelala hatua chache kutoka alipo. Akipaza sauti atawaamsha wote, na tukio zima litakuwa upuuzi.

Wilkinson anaruka bila kusukuma. Noti ya chini anaitoa kifuani, ya juu anaihamishia kichwani, sauti nyembamba yenye pumzi ndani yake, na kiungo kati ya hizo mbili hakionekani. Hapo ndipo ufundi ulipo. Wanaume wengi wana sauti ya kifua iliyo nzuri na ya kichwa inayofaa, lakini katikati pana ufa, na ufa huo husikika zaidi mtu anapoimba polepole. Yeye anaupita kwa kupunguza nguvu kabla hajafika juu. Katikati ya wimbo anaruhusu kifua kirudi kidogo, dua inapogeuka kuwa malalamiko ya mzee anayehesabu miaka yake, kisha anakiondoa tena. Kwa sikio langu mkwaruzo ule wa roki haupotei kabisa. Unabaki chini ya wororo, na unatukumbusha kwamba anayeomba aliwahi kuvunja mawe akiwa amefungwa minyororo.

Vipaza sauti vidogo ambavyo waigizaji huvaa mwilini vilisaidia, na si aibu kusema hivyo. Bila hivyo mnong'ono huo usingefika viti vya nyuma. Ila kipaza sauti hukuza kila kitu, kutikisika kwa pumzi kukiwamo, na Wilkinson alikuwa akiurudia wimbo huo kwa ratiba ya maonyesho manane kwa wiki.

Onyesho lilifunguliwa tarehe 8 Oktoba 1985. Wahakiki wengi walilibeza, watu wakajaza ukumbi. Lilipovuka kwenda Broadway mwaka 1987, chama cha waigizaji cha Marekani kilipinga kwanza Wilkinson, aliyekuwa mgeni, kuichukua nafasi ya Valjean, na mtayarishaji Cameron Mackintosh akang'ang'ania kuwa bila yeye onyesho halitafunguliwa. Mackintosh alishinda mvutano huo. Wilkinson baadaye akaenda Toronto kuimba Phantom of the Opera kwa zaidi ya miaka minne, kazi nyingine inayodai wororo na ghadhabu katika koo moja.

Kipimo kizuri cha alichofanya ni filamu ya mwaka 2012. Hugh Jackman, aliyecheza Valjean, anauimba wimbo ule ule kwa sauti ya kifua karibu mwanzo hadi mwisho, akijikaza, huku kamera ikiwa imemsogelea. Waongozaji wa filamu wana uhuru wao, na Jackman kwingineko ni hodari. Hapa, hata hivyo, anasikika kama anayemwamuru Mungu. Wilkinson mwenyewe, akiwa na miaka 68, yumo katika filamu hiyo hiyo: ni askofu anayempa Valjean vyombo vya fedha. Mistari yake ni michache, nayo anaiimba taratibu.