Moto Uliofukiwa Haujazimwa

Wapiga kambi wengi wanaotoka jijini Dar es Salaam kwenda vilima vya Pugu huagana na moto wao kwa namna moja. Asubuhi, hema zikishakunjwa, kijana mmoja husukumia mchanga juu ya majivu kwa mguu, mwenzake akaongeza koleo mbili, gari likaondoka. Moshi hakuna, mwali hakuna. Kwa macho, moto umekufa. Ukweli ni kwamba wameuhifadhi.

Anayelijua hilo vizuri ni mchoma mkaa, mtu ambaye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi inamfahamu kwa hasara. Tazama anavyojenga tanuru. Hupanga magogo yakabana, akayafunika kwa nyasi na majani mabichi, kisha akamwaga udongo juu, akiacha tundu la kuwashia na vitundu vidogo pembeni. Akishawasha, kazi yake kubwa ni kuubania moto hewa. Ufa ukitokea anauziba upesi, la sivyo gogo zima litakuwa majivu. Huku anausoma moshi: mweupe mzito mwanzoni, maji yanapotoka kwenye mti, mwembamba wa rangi ya bluu baadaye, mkaa unapoiva. Tanuru la namna hiyo hukaa na moto tumboni siku kadhaa. Na siku ya kufukua hafukui kwa pupa, kwa sababu mkaa ulioonekana mweusi na mtulivu ukipigwa na hewa huwaka upya.

Basi yule kijana wa koleo mbili amejenga tanuru dogo bila kujua.

Moto hutaka vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto na oksijeni. Mchanga hupunguza oksijeni, lakini si yote, maana hewa hupenya kati ya chembe zake. Joto ndilo kabisa hauliondoi, unalifungia ndani. Maji hufanya kinyume: yanapogeuka mvuke hulichukua joto na kuondoka nalo. Watafiti wa Australia waliochunguza watoto walioungua kambini walikuta wengi waliumia kwa majivu na makaa ya moto wa jana, si kwa miali. Walipopima, moto uliofukiwa kwa mchanga ulikuwa bado na joto la kuunguza ngozi saa 8 baadaye, wakati uliomwagiwa maji ulipoa ndani ya dakika chache.

Kwa Pugu jambo hili lina uzito wake. Watu hupenda kupiga kambi wakati wa kipupwe, kuna ubaridi na hakuna matope, na ndio wakati majani makavu yamejaa chini ya miti na upepo wa kusi unavuma. Makaa yaliyofukiwa yakigusa mzizi mkavu, mzizi hufuka polepole chini kwa chini, ukaja kutoa moto mahali pengine wenye kambi wakiwa wamekwisharudi Temeke au Kinondoni.

Si lazima uwe moto mkubwa wa kuimbia nyimbo ndipo ulete hasara. Oktoba 11, 2020, Mlima Kilimanjaro uliwaka kuanzia eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo. Maelezo ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) yalikuwa kwamba moto ulianzia pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Kupasha chakula tu! Mamia ya watu walipanda kuuzima, na kazi iliendelea kwa siku nyingi.

Sasa, moto unaozimika hutengenezwa tangu kabla ya kuwashwa. Kwanza waulize maafisa wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ni wapi panaruhusiwa. Fagia majani hadi udongo mtupu uonekane, hatua mbili tatu kila upande, na tazama juu pia: tawi lililoning'inia ni kuni. Usichukue mawe ya kijitoni kuwa mafiga. Yakiwa na maji ndani hupasuka. Petroli iache kwenye gari. Moto uwe mdogo, na ndoo mbili za lita 20 ziwe zimejaa kabla ya kiberiti kutoka mfukoni.

Wakati wa kuzima, acha kuni ziishe zenyewe kwanza. Mwaga maji taratibu, ukisimama upande upepo unakotoka, kwa sababu mvuke wake unaunguza. Vuruga kwa koleo hadi chini, geuza vipande vilivyobaki, mwaga tena. Sauti ya "chwii" ikikoma, sogeza mgongo wa mkono juu ya majivu, kisha yaguse. Ukihisi joto, rudia. Rojorojo ya majivu haipendezi kwenye picha, lakini ndiyo dalili ya kazi iliyokamilika.

Mvua ikiwakuta, msiingize jiko la mkaa hemani, hata likiwa halitoi moshi. Mkaa hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia.

Moto ukiwashinda, ondokeni kwanza, kisha pigeni 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Na kundi lisiloweza kubeba lita 40 za maji ya kuzimia lipike kwa jiko la gesi, moto wa kuni liachane nao.