Heko, wapiga kura wa Hugo

Tuzo ya Hugo, ya hadithi za kisayansi na fantasia, haina jopo la majaji. Hupigiwa kura na wasomaji wenyewe, waliolipa ada ya uanachama. Mwaka 2015 kundi lililodai kwamba tuzo imetekwa na siasa lilijipanga, likajaza orodha ya wateule kwa majina yake. Wasomaji hawakususa. Karibu 6,000 walipiga kura, na katika vitengo vitano wakaamua asipewe mtu. Uamuzi mchungu, lakini wa haki! Riwaya bora ikawa ya Liu Cixin wa China, kwa tafsiri ya Ken Liu. Wanachama wakabadili pia kanuni ya kuhesabu mapendekezo. N. K. Jemisin, Mmarekani mweusi, baadaye alishinda tuzo ya riwaya bora 2016, 2017 na 2018, mfululizo.