Maji Yakilala Sawa

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Kericho, ukapita mto Nyando na Ahero, Awasi ni mji ambao wasafiri wengi huuona kupitia dirisha la matatu tu. Maduka yamejipanga kando ya lami, bodaboda zinangoja abiria kwenye njia panda ya kwenda Chemelil na Muhoroni, mahindi yanachomwa, gari linaondoka. Kaskazini milima ya Nandi imesimama kama ukuta. Mashariki nchi inapanda kuelekea Kericho. Magharibi tambarare ya Kano inashuka hadi Ziwa Viktoria, lakini inashuka kidogo kidogo hivi kwamba mgeni ataapa kuwa hakuna mteremko. Mkulima wa mpunga hatamwamini. Yeye anajua shamba lake limeinamia wapi, na anajua kwa unyayo kabla ya kujua kwa jicho.

Vijiji vya upande huu havina mengi ya kupigiwa picha. Maboma yametawanyika, kila moja na mahindi yake, mtama, mihogo, ng'ombe kadhaa, na kadiri unavyokaribia Chemelil, miwa. Mpunga hukaa bondeni, palipo na udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto, na wakati wa mvua hunata hadi ukavua viatu na kuviacha hukohuko. Mahindi huuchukia udongo huo. Mpunga unaupenda kwa sababu ileile: ukishanyweshwa huvimba, nyufa hujifunga, na maji hubaki juu bila kuzama.

Ufundi ninaotaka kuusifu hapa si wa kuvuna wala wa kupanda, ingawa huo nao nitaugusa. Ni ufundi wa kuyafanya maji yalale sawa. Nimeutazama kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji, na bado naona ndiyo kazi ya shamba iliyo ngumu kuliko zote na isiyopewa heshima yake, labda kwa kuwa ikifanywa vizuri haionekani kabisa.

Kwanza maji yenyewe, maana Kano ni mahali pa ajabu kwa jambo hilo. Mvua ikinyesha milimani Nandi na Kericho, Nyando hufurika na kuingia majumbani huku chini, hata kama Awasi hapajadondoka tone. Watu huhamia shuleni na magodoro yao. Miezi michache baadaye watu haohao wanahesabu siku wakingoja zamu ya maji ya kunyweshea miche. Skimu ya Ahero, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, huyapandisha maji ya Nyando kwa pampu za umeme. Skimu ya Kano Magharibi, iliyo karibu zaidi na ziwa, imelala chini kiasi kwamba lazima maji yapigwe pampu kuingia na yapigwe pampu tena kutoka. Bili ya stima ikichelewa kulipwa, mpunga hauulizi ni kosa la nani. Nje ya skimu hizo kubwa kuna wakulima wadogo waliochimba mifereji yao wenyewe kutoka vijito, wakaachia mteremko ufanye kazi ya pampu. Hao ndio wanaoujua mteremko kuliko mtu yeyote, kwa kuwa hawana kingine cha kutegemea.

Kule Bali, Indonesia, wakulima wa mpunga wana mlima. Huuchonga ngazi kwa ngazi, maji yakishuka kutoka jaruba la juu hadi la chini, yakisimamiwa na ushirika unaoitwa subak, ambao UNESCO iliutambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2012. Uzuri wake unajitangaza. Ndege za watalii huujia. Mkulima wa Kano ana kazi hiyohiyo ya kugawa maji, ila mlima wake una kimo cha kiganja. Hakuna mtalii atakayekuja kupiga picha tofauti ya sentimita tano.

Sasa tazama inavyofanyika. Shamba hugawanywa kwa matuta kuwa majaruba. Maji huachiliwa, udongo ukaachwa ulowe hadi ulainike, kisha hulimwa ukiwa majini. Kwenye skimu trekta huingia na kuusaga udongo ukawa uji. Kwenye mashamba madogo ni plau na maksai. Hadi hapo mtu yeyote mwenye nguvu anaweza. Kazi ya fundi huanza pale uji huo unapotulia. Maji hupunguzwa hadi yabaki membamba sana, na hapo jaruba lenyewe husema ukweli: sehemu zilizoinuka hutokeza migongo yake nje, zilizobonyea hubaki na madimbwi. Fundi huingia na jembe na ubao, akauondoa udongo mgongoni na kuusukuma hadi dimbwini. Migongo hupungua. Anafungulia maji kidogo, anatazama tena. Mingine hutokeza mahali ambapo hakuitarajia, kwa kuwa udongo uliolainika hutembea.

Wazee hupenda kuifanya kazi hii asubuhi mapema. Sababu ni upepo. Jua likishapanda, upepo wa ziwa huanza kuvuma kuelekea nchi kavu na kuyasukuma maji upande mmoja wa jaruba, na ukiyaangalia wakati huo yatakudanganya: utashusha pasipopaswa kushushwa. Asubuhi maji yametulia, na huwezi kupata kipimo bora kuliko hicho. Nilimkuta mzee mmoja amesimama katikati ya jaruba lake bila kufanya lolote, jembe begani, kwa muda mrefu hata kijana aliyekuwa akimsaidia akaanza kuchoka. "Baba, si twende upande ule?" Mzee akamjibu kwa upole asubiri kwanza, maji hayajamaliza kutembea. Nilimwelewa baadaye. Alikuwa akitazama mapovu na majani makavu yaliyokuwa yakielea, yanaelekea wapi na kwa kasi gani.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kwa sababu kila kosa la leo hulipwa mara kadhaa. Palipoinuka maji hayafiki, na magugu ambayo yangezama huota kwa raha. Palipobonyea mche mchanga huzama, ukaoza au ukachelewa. Mbolea husombwa kutoka juu ikakusanyika chini, basi huku mpunga una njaa na kule umeshiba hadi unaanguka. Mtu aliyesawazisha vibaya atapalilia zaidi, atanyunyiza zaidi, atanunua mbolea zaidi, kisha atailaumu mbegu.

Mbegu zenyewe zina safari zao. Wakulima wa Ahero na Kano Magharibi wamepanda kwa muda mrefu aina iitwayo IR 2793-80-1, wakasahau kwamba jina hilo ni namba ya jalada. Herufi mbili za mwanzo zinatoka taasisi ya utafiti wa mpunga ya Los Baños, Ufilipino, ileile iliyotoa IR8 mwaka 1966 kwa kuchavusha mpunga mfupi wa Taiwan na Peta, mpunga mrefu wa Indonesia. Kutokana na kazi hiyo ulipatikana mpunga wa bua fupi linalobeba suke zito bila kulala. Pia hupandwa Basmati 370, ambayo sokoni huitwa pishori; ina harufu na bei nzuri, lakini ina bua refu la kumkosesha mtu usingizi siku za upepo. Bua fupi, nalo, lina masharti yake: ukilizamisha maji kwa uzembe, linazama kweli. Kadiri mpunga ulivyofupishwa, ndivyo usawa wa jaruba ulivyozidi kuwa na thamani.

Upandikizaji ni kazi ya wanawake zaidi. Mbegu hulowekwa siku nzima, zikavundikwa kwenye gunia hadi zichipue, zikamwagwa kitaluni. Baada ya wiki tatu au nne miche hung'olewa, ikapigwapigwa majini ili matope yatoke mizizini, ikafungwa vitita kwa majani. Vitita hurushwa jarubani kwa umbali uliokadiriwa, ili mpandaji akifika alipoishiwa akute kingine kinamngoja. Kurusha huko nako ni hesabu, ingawa hakuna anayeihesabu kwa sauti.

Kisha wanainama na kurudi kinyumenyume. Mkono wa kushoto umeshika kitita, kidole gumba kinamega miche miwili au mitatu, mkono wa kulia unaipokea na kuisimika. Vidole hutangulia na mizizi hufuata ikiwa imenyooka, kina cha kama sentimita tatu tu. Mkono wa haraka huukunja mzizi ukaelekea juu kama ndoano, na mche wa namna hiyo hukaa manjano siku nyingi ukijinyoosha kabla ya kukua. Ukisimika ndani mno hautoi machipukizi ya kutosha. Ukisimika juu mno, kesho unaelea. Kamba yenye mafundo huonyesha mstari, lakini wazoefu huitazama mara chache. Kitu kimoja kilinichukua muda kukiona: miguu. Kila hatua huacha shimo, na mche uliosimikwa kwenye shimo la unyayo hauna pa kushika. Mama anayejua kazi hurudi nyuma akiufukia unyayo wake kwa kisigino, bila kuacha kupanda wala kukatiza mazungumzo. Hata wakati huo, unaona, anasawazisha.

Zamani kazi kubwa namna hii Waluo waliifanya kwa saga: majirani hukusanyika shambani kwako, wakala na kunywa kwako, na siku nyingine nawe ukaenda kwao. Saga haijafa, lakini siku hizi upandikizaji mwingi hufanywa na vikundi vya kulipwa kwa kipande. Malipo ya kipande humpenda mwenye haraka. Sioni jinsi ya kumlaumu kwa hilo mtu aliyeinama majini tangu alfajiri, kwenye maji yenye konokono wa kichocho, akiwa na watoto wa kulisha. Ila ningekuwa na shamba, ningemlipa zaidi yule wa kisigino.

Palizi ina siri yake. Gugu linalousumbua mpunga kuliko yote ni nyasi inayofanana nao mno, na katika umri mdogo huwezi kuvitofautisha kwa rangi wala kwa kimo. Tofauti iko pale jani linapoachana na bua. Mpunga una kiwambo chembamba hapo, na vimasikio viwili vilivyokumbatia bua. Gugu halina kitu, ni laini tu. Wapaliliaji hawainami kutazama. Hupitisha vidole na kung'oa, kwa wepesi uleule wa mtu anayechambua mchele kwenye ungo.

Kuna mtindo mwingine uliofika Kenya kupitia skimu ya mpunga ya Mwea na kuenea hadi huku, wa kupandikiza mche mmoja mmoja ukiwa na siku nane hadi kumi na mbili tu, kwa nafasi pana, na kuacha shamba likauke kidogo kisha linyweshwe tena. Uliasisiwa Madagaska miaka ya 1980 na kasisi Mfaransa, Henri de Laulanié. Huokoa maji na mbegu. Lakini mche wa siku kumi ni mdogo kama unywele, na maji ya kuuzunguka lazima yawe membamba kila mahali kwa kipimo kimoja. Wanaoufuata wakashindwa, mara nyingi wameshindwa kwenye ubao, kabla mche haujaingia.

Kuhusu ndege nitasema kidogo, kwa sababu hapo ufundi hugeuka kuwa vita. Kwelea huja kwa makundi yanayotia giza kidogo, suke likiwa bado lina maziwa. Mwanzoni mwa 2023 waliingia mashamba ya Kisumu kwa wingi hadi serikali ikaleta dawa ya kunyunyiza. Siku za kawaida silaha ni kombeo, makopo, kanda zinazong'aa na makoo ya vijana wanaopiga kelele tangu kuche hadi jua lizame. Hakuna usawa wa maji unaosaidia hapo. Au, niseme, unasaidia kwa njia moja: shamba linalochanua na kukomaa kwa pamoja hulindwa siku chache kuliko lile linalokomaa vipande vipande.

Kukomaa kwa pamoja ndiko siri inakofichuka, tena mbali na shamba. Mpunga hukatwa kwa mundu, ukapurwa juu ya turubai, ukapepetwa na kuanikwa. Mwenye uzoefu huuma punje: ikilia na kukatika safi, imekauka vya kutosha kwenda mashine. Wanunuzi huwa wameshafika, wengine na malori kutoka Uganda, na wengi hutia mkono guniani kabla ya kutaja bei. Mashine ya kukoboa haina huruma kwa punje mbichi wala kwa iliyokauka kupita kiasi. Zikichanganyika, mbichi kutoka kwenye dimbwi lililochelewa na kavu kutoka mgongoni palipowahi, hupasuka, na kinachotoka ni chenga. Mwenye mashine hukinga kiganja chini ya mdomo wa mashine, akaipangusa pumba kwa kidole, akahesabu punje nzima na zilizovunjika. Hajawahi kulikanyaga shamba hilo. Lakini ukimwuliza atakuambia, bila kuinua macho, kama jaruba lilisawazishwa au halikusawazishwa.