Dakika 20 za Upande wa Benchi

Masika yakishaushika mji wa Moshi, nyasi za Uwanja wa Ushirika hunywa maji mpaka mpira wa chini unasita kabla ya kumfikia mlengwa. Ni kipindi hichohicho ambapo ligi huwa inaelekea ukingoni. Timu yenye msimu mzuri inahesabu pointi, na yenye msimu mbaya inahesabu mechi zilizobaki. Katika wiki hizo za matope makocha wengi hugeuka nyuma kuitazama timu ya vijana, wengine kwa imani, wengine kwa kukosa la kufanya.

Kumwingiza kijana uwanjani ni jambo jepesi. Mwamuzi wa akiba anainua kibao, mmoja anatoka, mwingine anaingia. Kazi yenyewe ni ile inayotangulia kibao, nayo nimekuwa nikiitazama kwa kocha mmoja wa hapa mjini, mtu wa makamo aliyecheza beki kabla ya kutundika daluga. Alinikubalia nikae pembeni ya mazoezi yake kwa sharti nisimtaje yeye wala klabu. Wachezaji humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo.

Mwalimu huanza kuchagua huko juu mlimani. Jumapili mchana, watu wakishatoka ibadani, hupanda daladala kwenda Kibosho, Old Moshi au Marangu kutazama ndondo, mechi za mtaani. Viwanja vya huko vimechongwa ubavuni mwa mlima, katikati ya mashamba ya vihamba, na vingi vina goli moja la juu na jingine la chini. Mpira ukikuponyoka unateremka ndani ya migomba mpaka kwenye mfongo, mfereji wa maji. Mtoto aliyekulia kwenye uwanja wa namna hiyo hujifunza kuupokea mpira kwa mguu laini, maana ukimruka hatua mbili umeshakwenda. Akishuka mjini mguu huo unamfaa sana. Pasi zake ndizo zinazohitaji muda: miaka yote ama mteremko ulimsaidia kusukuma, ama ulimpinga, na sasa kwenye tambarare inabidi ajifunze upya nguvu ya mguu wake.

Kwenye ndondo hizo Mwalimu huwa hamfuati mwenye mpira. Macho yake yako kwa anayeusubiri. Anataka kuona kama kichwa chake kinageuka kutazama nyuma ya bega kabla pasi haijaondoka kwa mwenzake, na tena inapokuwa njiani. Jambo la pili ni hatua tatu za kwanza baada ya kupokonywa: je, anakimbia kuutafuta, au anasimama na kuinua mikono kwa mwamuzi? Chenga hazijali. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nasi kwenye gogo, meku mwenye kofia ya pama, alimshangilia mno winga mmoja aliyepiga chenga nne mfululizo. Mwalimu alitabasamu kwa heshima, akaendelea kumtazama kiungo mwembamba wa miaka 18 ambaye hakuwa amefanya lolote la kushangiliwa.

Kijana huyo alipoitwa mazoezini na wakubwa, alianzia kwenye duara. Wachezaji wanane wanazunguka, wawili wako ndani wanaukimbiza mpira, na kila wa nje ana miguso miwili tu. Ukitazama kwa haraka utadhani kila mtu amesimama alipojipendea. Kumbe Mwalimu amekwisha kupanga: kulia kwa kijana yupo mchezaji anayetoa pasi safi ya mguuni, na kushoto yupo asiyekasirika akipewa mbovu. Baada ya siku chache yule wa kulia anahamishwa, analetwa mwingine anayepiga pasi ngumu ya kifundoni. Kisha miguso miwili inakuwa mmoja. Kijana mwenyewe hajui kwamba ngazi zinapandishwa. Anachoona ni kwamba mazoezi ya leo ni magumu kuliko ya juzi.

Lyamungo, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, wanajua kazi ya namna hii. Miche ya mibuni hulelewa kitaluni chini ya kivuli, na kabla ya kupelekwa shambani kivuli hicho hupunguzwa kidogo kidogo ili majani yazoee jua. Ukikitoa chote kwa siku moja, majani yanaungua.

Kisha yakaja mambo madogo, na hapa ndipo nilipomheshimu Mwalimu zaidi. Aliomba kuona njumu za kijana. Zilikuwa za mitumba, za Soko la Memorial, nzuri kwa juu, lakini meno ya kisigino yalikuwa yamelika upande wa nje. Kwenye nyasi kavu huwezi kugundua. Kwenye Ushirika ya Aprili, mtu anayegeuka kwa mguu huo anateleza, na watazamaji wanasema ameogopa. Mtunza vifaa akatafuta jozi yenye meno marefu ya kufungwa kwa spana, na kijana akatakiwa kuivaa mazoezini kwanza, mpaka malengelenge yapone, ndipo aivae kwenye mechi. Nimeona vijana wengi wakipewa jezi ya timu kubwa. Ni mara chache nimeona mtu mzima akipiga magoti kukagua soli zao.

Hatua iliyofuata haikumhusu kijana kabisa. Mwalimu alimchukua kando beki wake wa kulia, mkongwe ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha na msimu, wakatembea kuzunguka uwanja taratibu. Sikusikia waliyozungumza na sikuuliza. Ila ni rahisi kuona uzito wake: timu inapofanya vibaya, mkongwe ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole, na hapo unamwomba amsaidie anayekuja. Kuanzia wiki hiyo beki yule akawa anazungumza na kijana mazoezi yote, kwa maneno mafupi ya uwanjani: “mtu”, “geuka”, “rudisha”, “muda unao”. Neno la mwisho hilo ndilo la thamani kuliko yote. Kijana mwenye mpira huhisi ulimwengu mzima unamkimbilia mgongoni, na anahitaji mtu anayeona nyuma yake amwambie kwamba hakuna anayekuja.

Akasafirishwa pia, bila kucheza. Safari za timu zetu ni ndefu, za basi, mchana kutwa na wakati mwingine usiku, na mtu asiyezizoea hufika na miguu mizito. Kijana alibeba mifuko ya mipira, akala saa wanayokula wakubwa, akavaa jezi, akapasha misuli moto pembeni ya uwanja, akarudi kukaa. Mashabiki waliokuwa wamesikia habari zake wakaanza kulalamika kwamba kocha anamficha. Walikuwa na haki ya kuwa na haraka. Mji huu umeshaonja Ligi Kuu: Polisi Tanzania ilipanda mwaka 2019, ikaifanya Ushirika kuwa nyumbani, ikakaa misimu minne na kushuka mwishoni mwa msimu wa 2022/23. Aliyeionja ligi hiyo hana subira na benchi.

Na ni Polisi hiyo iliyomleta hapa, katika msimu wake wa kwanza, mtu ambaye kazi hii anaijua kuliko wengi nchini. Selemani Matola, nahodha wa Simba iliyoivua Zamalek ubingwa wa Afrika mwaka 2003, aliwahi kuwalea vijana wa Simba kabla ya kuja kufundisha Moshi. Agosti 2012 kikosi hicho cha vijana kilipelekwa kwenye mashindano ya Super 8 kupambana na timu za wakubwa, kikarudi na kombe. Halafu ukaja msimu wa 2012/13, ambao Wanasimba hawapendi kuukumbuka. Mabingwa watetezi, waliokuwa wameifunga Yanga 5-0 Mei iliyotangulia, walitolewa Ligi ya Mabingwa na Recreativo do Libolo ya Angola kwa jumla ya mabao 5-0 na kumaliza ligi nafasi ya tatu, Yanga ikitwaa ubingwa. Katikati ya anguko hilo kocha Mfaransa Patrick Liewig, aliyewahi kuifundisha ASEC Mimosas ya Ivory Coast, aliwapa nafasi akina Jonas Mkude, Ramadhani Singano, Said Ndemla, Haruna Chanongo na wenzao.

Watu husimulia habari hiyo kana kwamba msimu mbaya ndio uliowazaa vijana wale. Kwa maoni yangu msimu mbaya uliwafungulia mlango tu. Walipoingia walikuwa wanafahamiana miguu, wamekwisha kufungwa pamoja na kushinda pamoja, na kazi ya kuwafikisha pale ilikuwa imefanyika wakati hakuna aliyekuwa akitazama. Hata hivyo hawakufika wote mbali. Mkude alidumu Simba mpaka 2023, akavaa kitambaa cha unahodha, kisha akavuka kwenda Yanga. Wengine walitawanyika mapema kwenye timu nyingine, na baadhi ya majina siku hizi huwezi kuyasikia ila kwa shabiki mwenye kumbukumbu nzuri.

Turudi kwa Mwalimu. Kijana wake ni kiungo, lakini hakukusudia kumwanzisha katikati. Katikati mpinzani anakuja kutoka kila upande. Pembeni, chaki inamlinda mtu upande mmoja. Kwa hiyo angeanza winga ya kulia, mbele ya yule beki mkongwe. Na angeingia kipindi cha pili. Nilidhani sababu ni uchovu wa wapinzani, mpaka nilipoangalia uwanja vizuri. Timu hubadilishana magoli wakati wa mapumziko, hivyo winga wa kulia anayecheza mbali na benchi kipindi cha kwanza huwa mbele yake kipindi cha pili. Siku ambayo kura ya sarafu iliwapa wapinzani goli lile na mpangilio ukageuka, kijana hakuingia. Mwalimu hakutaka dakika za kwanza za kijana zipite mahali ambapo sauti yake haifiki.

Siku yenyewe ilikuja timu ikiwa nyuma kwa bao moja. Kanuni za sasa zinaruhusu wachezaji watano wa akiba kuingia, lakini mchezo ukiendelea unaweza kusimamishwa mara tatu tu kwa mabadiliko, na Mwalimu alikuwa ameitunza nafasi yake ya mwisho. Dakika ya 70 ilikaribia. Kona ya wapinzani. Akamzuia kwa mkono, maana kijana anayeingia wakati wa kona hajui amkabe nani. Kona ikaokolewa. Faulo karibu na boksi, akamzuia tena. Mpira ukatoka nje kwenye nusu ya wapinzani, ikawa ya kurusha ya kwetu, mbele ya benchi. Hapo akamwachilia. Mkongwe aliushika mpira, akangoja kijana afike mahali pake, akamrushia kifuani. Kijana akautuliza, akamrudishia. Mguso wake wa kwanza wa soka la wakubwa ulikuwa pasi ya mita nne kwenda nyuma, na ulikuwa umepangwa kwa wiki kadhaa.

Jukwaani walinung’unika. Walitaka akimbie.

Dakika chache baadaye alikimbia kweli, akapokonywa, na shambulizi la kujibu likaishia kwenye mwamba. Kelele zilizofuata zinajulikana. Mwalimu hakunyanyuka. Mkongwe alipita karibu na kijana, akasema neno moja, pengine lilelile la “rudisha”. Katika wiki zilizofuata niligundua mpangilio mwingine ambao hakuwahi kunieleza: hakumtoa kijana mara baada ya kosa. Kama alitaka kumtoa dakika ya 60 na kosa likatokea ya 59, alisubiri mpaka afanye jambo jema, hata liwe kuokoa mpira tu, ndipo kibao kiinuliwe. Kijana alitoka akipigiwa makofi, nusu yake ya heshima, lakini alitoka nayo.

Timu iliambulia sare siku hiyo. Baadaye alianza mechi mbili, na katika ya pili akafunga kwa kichwa, bao ambalo mtu wa umbo lake hatarajiwi kulifunga. Mechi iliyofuata hakuwemo hata kwenye benchi. Redio za mji zilipiga kelele, na kwa kweli hata mimi niliona ni ukatili, mpaka nilipomwona mazoezini akipanda ngazi za jukwaa kwa kushika chuma. Miguu ya miaka 18 iliyotoka kwenye soka la wikiendi ilikuwa imecheza dakika ambazo haikuwahi kuzicheza, kwenye matope. Mwalimu alimshusha timu ya vijana kwa mechi mbili, akicheza katikati, nafasi yake ya asili, mbele ya watu wachache.

Kazi inayofuata ndiyo kubwa: kumhamishia katikati kwa wakubwa, mahali pasipo chaki ya kumlinda. Kabla ya hapo lazima mguu wa kushoto upige pasi ndefu, shingo iongezeke nguvu, na apatikane mkongwe mwingine wa kusimama nyuma yake, kwa sababu yule wa kwanza mkataba wake umeisha na hakuna anayejua kama utaongezwa. Mwalimu anaipa kazi hiyo msimu mzima ujao, kwenye ligi yoyote watakayokuwa.